Asiyeona Anastahili Kiti Kwenye Juri

Mwaka 1991 Donald Galloway, mwajiriwa wa idara ya nyumba ya jiji la Washington, Marekani, aliitwa mahakamani kutumikia juri. Alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamili, na huko nyuma aliwahi kuongoza kazi za Peace Corps, shirika la wajitolea la Marekani, nchini Jamaika. Aliitikia wito, akafika. Maofisa wa mahakama wakamjulisha kwamba safari yake ilikuwa ya bure: kwa kanuni yao, asiyeona hakai kwenye juri. Kanuni hiyo haikujali kesi inahusu nini, wala haikuuliza aliyeitwa ana uwezo gani.

Galloway alifungua kesi. Machi 1993 Jaji Joyce Hens Green wa mahakama ya shirikisho alimpa haki yake. Alisema kuwafungia mlango wasioona wote kwa jumla ni kuvunja sheria zinazokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Wapo majaji wasioona wanaosikiliza kesi na kuzitolea hukumu, akaeleza, hivyo haiingii akilini kudai kwamba hakuna asiyeona hata mmoja anayefaa kuwa mjumbe wa juri.

Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado watu wengi wakisikia habari hii hushtuka. Ataonaje kama shahidi anadanganya? Picha za kamera je? Damu kwenye shati? Maswali haya ni ya haki na yanahitaji majibu. Majibu yapo, na yanaelekea kulekule alikofika Jaji Green: asiyeona apimwe kama mtu, kwa kesi iliyo mbele yake, kama wanavyopimwa wengine wote.

Juri, kwa asiyeifahamu, kwa kawaida ni raia 12 wasio wanasheria wanaosikiliza ushahidi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Majina yao hutolewa kwa bahati nasibu kwenye orodha kama ile ya wapiga kura. Wana Afrika Mashariki waliochukua uraia wa Marekani wanaijua barua hiyo inayofika kwa posta na isiyokubali kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni uso wa shahidi. Wanasema mwongo hujulikana kizimbani kwa macho yanayokwepa, kijasho usoni na vidole visivyotulia. Mwanasaikolojia Richard Wiseman aliipima imani hiyo nchini Uingereza kwa msaada wa Sir Robin Day, mwanahabari maarufu wa televisheni. Day alihojiwa mara mbili kuhusu filamu anayoipenda kuliko zote. Mara moja alisema kweli, mara nyingine akadanganya kwa makusudi. Mahojiano yote mawili yalioneshwa kwenye televisheni, yakasikika redioni, na maneno yake yakachapwa gazetini. Zaidi ya watu 41,000 walijibu wakisema yapi yalikuwa ya uongo.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1995. Waliosikiliza redio walipatia kwa asilimia 73.4, na waliosoma gazeti kwa asilimia 64.2. Waliomtazama Day usoni waliambulia asilimia 51.8, ambayo haitofautiani sana na kurusha shilingi.

Jaribio hilo haliko peke yake. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti za miaka mingi zilizohusisha watu zaidi ya 24,000. Kwa wastani, binadamu hutenganisha kweli na uongo kwa asilimia 54, na uongo wa kusikia hubainika vizuri kuliko uongo wa kutazama tu. Sababu si ngumu. Mwongo hujua kuupanga uso wake, lakini maneno humponyoka: hadithi hugongana na aliyoisema jana, jibu huchelewa kidogo, sauti hupanda pasipostahili, swali dogo hupata jibu refu. Mambo hayo yote mjumbe asiyeona anayasikia, na kwa kuwa hatazami kingine, huenda akayasikia mapema.

Macho ya mashahidi nayo hukosea. Mwaka uleule wa 1993 ambapo Galloway alishinda, jimbo jirani la Maryland lilimwachia huru Kirk Bloodsworth. Mwaka 1985 alikuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji ya mtoto wa miaka 9. Mashahidi watano walikuwa wameapa kwamba walimwona akiwa na mtoto huyo au karibu na eneo la tukio. Kipimo cha vinasaba kilionesha kuwa hakuhusika, na miaka kumi baadaye vinasaba vikamtaja mhalifu mwenyewe. Wale watano hawakuwa waongo. Waliona vibaya, wakasema kwa uhakika, na uhakika wao ukaaminiwa. Kesi kama hiyo ilihitaji wajumbe wa kuuliza: palikuwa na umbali gani, ilikuwa saa ngapi, nani aliwaonesha picha, na aliwaambia nini kabla ya kuwaonesha? Maswali hayo hayahitaji macho.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni vielelezo. Ramani, picha, video na saini haziwezi kusikika. Hata hivyo, mtu aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mahakama kwa nusu saa anajua kwamba karibu kila kitu huko hugeuzwa maneno. Shahidi akinyoosha kidole, wakili huinuka na kuomba kumbukumbu zioneshe kwamba amemnyooshea mshtakiwa. Akipima urefu wa kisu kwa mikono, jaji humwuliza: ni kama futi ngapi? Hufanywa hivyo kwa sababu kesi inaweza kwenda rufaa, na majaji wa rufaa watapelekewa jalada la karatasi. Ni kweli kwamba majaji hao husita kutengua maoni ya mahakama iliyomwona shahidi ana kwa ana. Lakini hupima mantiki ya ushahidi mzima kwa maandishi peke yake, na watu hufungwa au kuachiwa kwa uamuzi huo.

Basi msaidizi aliyeapishwa aelezee picha kwa sauti mbele ya pande zote mbili, na wakili asiyeridhika na maelezo apinge palepale. Nyaraka zisomwe, zitolewe kwa nukta nundu, au zipelekwe mapema kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Wapo watakaosema kwamba hapo mjumbe anaamua kwa macho ya mtu mwingine. Mahakama za Nairobi na Arusha zinatumia wakalimani kila leo. Shahidi anasema Kimaasai, hakimu anaandika alichoambiwa na mkalimani, na hakuna anayedai kuwa hukumu imetolewa na mkalimani.

Zipo kesi ambazo mjumbe asiyeona anapaswa kupumzishwa, na kulikataa hilo ni kudhoofisha hoja nzuri. Kama kesi nzima inasimama juu ya kulinganisha sura iliyo kwenye video na sura ya mshtakiwa, maelezo ya mtu mwingine hayatoshi, na mshtakiwa ana haki ya kudai wajumbe wanaoweza kulinganisha wenyewe. Lakini hata mwenye macho mazuri hupumzishwa kesi ikimhusu ndugu yake, au akiwa mteja wa benki inayoshtakiwa. Huondolewa kwenye kesi hiyo moja, si kwenye uraia. Kesi za madai ya mikataba, kashfa, mirathi au rushwa iliyonaswa kwenye simu hutegemea zaidi maneno na mpangilio wa matukio.

Kwenye kiti cha jaji, ambako madaraka ni makubwa zaidi, wasioona walishafika zamani. Katika karne ya 18 Sir John Fielding, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 19, alikuwa hakimu wa Bow Street, London, na simulizi za wakati huo zinasema aliwatambua wahalifu wapatao 3,000 kwa sauti zao. Zak Yacoob, ambaye haoni tangu akiwa na umri wa miezi 16, alikaa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini kuanzia 1998 hadi 2013. David Tatel aliingia mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Washington mwaka 1994 na kuhudumu kwa karibu miaka 30. Mji uliompa Tatel kiti cha jaji ndio uliokuwa umemnyima Galloway kiti kimoja kati ya 12.

Historia ya juri ni historia ya kuzuiwa kwa watu, na kila kizuizi kilipambwa kwa sababu iliyoonekana ya busara. Mwaka 1880 Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimika kuifuta sheria ya West Virginia iliyosema juri ni ya wanaume Weupe tu. Mwaka 1961 mahakama hiyohiyo iliruhusu Florida iendelee kuwaacha wanawake pembeni kwa hoja kwamba wao ni kitovu cha nyumba na familia, na msimamo huo ukageuka mwaka 1975. Nchini Uingereza, viziwi walizuiwa kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama angekuwa mtu wa 13 kwenye chumba cha majadiliano. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, mkalimani akaruhusiwa kuingia, na kesi zinaendelea.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Kenya ya kikoloni ilikuwa na juri kwa ajili ya Wazungu. Juri ya namna hiyo ndiyo iliyomwachia huru Sir Jock Delves Broughton mwaka 1941 katika kesi maarufu ya mauaji ya Lord Erroll. Waafrika walisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza, waliotoa maoni ambayo hayakumbana jaji. Kenya iliwaondoa wazee hao mwaka 2007. Hata hivyo mwaka 2020 Mahakama ya Kenya ilizindua sera ya mfumo mbadala wa haki, inayotambua usuluhishi unaofanywa na wazee na jamii. Katika vikao vya ukoo, mzee ambaye mtoto wa jicho amemzuia kuona haambiwi arudi nyumbani. Anasogezewa kiti, anasikiliza pande zote, na akianza kuuliza, wenye macho hunyamaza.

Desturi hiyo inastahili kuandikwa kwenye kanuni. Tanzania na Kenya zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 13 inadai washiriki kikamilifu katika shughuli za haki. Katiba ya Kenya inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziwaendee watu wenye ulemavu hatua kwa hatua. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba hakuna anayeweza kunyimwa nafasi ya kuwa jaji kwa sababu tu haoni, ikafuta kanuni ya Madhya Pradesh iliyofanya hivyo. Wakuu wa mahakama za Tanzania na Kenya wanaweza kuanza na hatua zisizohitaji sheria mpya: kila jalada lipatikane katika mfumo unaosomeka kwa kompyuta, kila kielelezo kielezewe kwa sauti kinapopokelewa, na kila anayeitwa kusaidia kuamua kesi aulizwe anahitaji msaada gani kabla ya mtu mwingine kuamua kwamba hawezi.