Geji si Pambo

Nina ugomvi na watu wawili: mwenye gari anayesema kuwa geji za ziada ni mapambo ya vijana, na fundi anayezifunga kana kwamba ni mapambo kweli.

Nianze na mwenye gari. Yeye husema, "Gari langu lina taa ya oili, inatosha." Haitoshi. Katika magari mengi taa ile haiwaki mpaka presha ishuke sana, kama paundi 7 hivi kwa inchi ya mraba. Injini iliyozoea paundi 40 barabarani inaweza kushuka hadi 15, na taa isiseme neno. Itakapowaka, huenda vyuma vimekwisha kusagana. Taa ile hutangaza msiba, haielezi ugonjwa. Lakini dereva mwenye geji, anayepanda Kitonga na mzigo, huuona mshale wa joto ukipanda. Atapunguza mwendo, atasimama, na gasketi ya silinda hedi itapona.

Sasa fundi. Nimeona geji zilizovutiwa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila fyuzi. Waya umepenyezwa kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na dereva, bila mpira wa kuukinga. Maungio yamesokotwa kwa vidole na kuviringishiwa utepe. Gari hutikisika, siku moja bati litalikata ganda la waya, na moto utaanzia chini ya dashibodi, miguuni pa dereva. Fyuzi ya ampia 3 au 5, ikiwekwa karibu na chanzo cha umeme, ingekatika kwanza. Nayo ni kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hiyo.

Tena zipo geji zinazosema uongo. Kila geji ina sensa inayopatana nayo. Ukiiunganisha na sensa ya zamani ya gari, mshale utaonyesha tarakimu zisizo na maana. Sensa yenye waya mmoja hupata ethi kwenye chuma cha injini. Fundi akiizungushia tepu nyingi ya mabomba, ethi hudhoofika na mshale hudanganya. Asiye na geji angalau ana wasiwasi. Mwenye geji ya uongo analala usingizi njiani.

Watasema haya ni gharama. Je, injini mpya ni bure? Kwa watu wengi gari ndilo shamba: ndilo linalolipa ada za watoto na kodi ya nyumba. Shamba halilindwi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, kabla hujalipa mwambie fundi akuonyeshe fyuzi iko wapi, waya umepita wapi, na sensa imetoka na geji ipi. Akikasirika, chukua ufunguo wako uondoke.