Vijana, tajeni mlikochota



Nina dukuduku kuhusu tabia ya wanafunzi wetu ya kunakili kazi za watu wengine na kuziwasilisha kwa walimu kama zao. Wenyewe huita kudesa, na hulitamka neno hilo huku wakicheka. Mimi sicheki, na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa Bwana Shamba katika wilaya moja ya Mkoa wa Morogoro. Mwaka 1987 niliandika taarifa ya mavuno ya mahindi katika vijiji nilivyokuwa nikivihudumia. Niliandika kwa mkono, kisha karani akaipiga kwa taipureta. Mahali nilipoandika kwamba mkulima asiyetumia mbolea alipata wastani wa gunia 6 kwa ekari, ikapigwa 16. Nililiona kosa hilo wakati nakala zimekwisha kwenda wilayani. Nikasahihisha kwa kalamu ile nakala yangu, nikajiambia kwamba nitawaandikia wa wilayani nao wasahihishe ya kwao. Sikuwaandikia. Hilo ni kosa langu na sina wa kumsingizia.

Miaka ikapita, nikastaafu. Mwaka 2019 mjukuu wangu, aliyekuwa akisomea maendeleo ya jamii, alikuja kukaa kwangu wakati wa mafunzo yake ya vitendo. Kazi aliyopewa ilikuwa kuandika taarifa ya kilimo kwa Kiswahili, kwani kikundi cha wakulima ndicho kingeitumia kuombea mkopo. Jioni moja akaniletea barazani. "Babu, nisomee uone kama kuna makosa." Nikavaa miwani. Ukurasa wa nne nikakutana na sentensi isemayo kwamba mkulima wa huku ni mwepesi wa kuitikia na mzito wa kuanza. Nilishtuka, kwa sababu sentensi hiyo ni yangu, na mkuu wangu wa kazi aliwahi kunigombeza kwa ajili yake. Chini yake kidogo nikaiona ile 16, imekaa raha mustarehe.

Nilimwuliza kaitoa wapi. Kwanza alisema ni utafiti wake. Nilipomwonyesha nakala yangu ya mwaka 1987, imekwisha kuwa ya manjano, akaeleza ukweli: aliinunua taarifa ya mwanafunzi mwingine katika duka la steshenari, akabadilisha jina la kijiji na tarehe. Yule mwingine naye alikuwa amechukua kwa mwingine. Hapakuwa na hata mmoja aliyeandika kwamba maneno haya yametoka kwenye taarifa ya Bwana Shamba fulani, mwaka fulani. Mjukuu wangu alikuwa na mwandishi mwenyewe ndani ya nyumba, anakula naye ugali kila siku, na hakujua kwamba angeweza kumwuliza.

Baadaye nilipoulizia, niliambiwa kwamba kikundi cha kijiji jirani kilikwisha kukopa kwa kutumia taarifa ya aina hiyo hiyo. Walipiga hesabu ya gunia 16, wakavuna 6. Wapo waliouza mbuzi na wengine mabati ili kulipa deni. Wala hakuna aliyeitilia shaka ile 16, kwa kuwa mtu mwenye mbegu bora na mbolea anaweza kuifikisha. Uongo unaofanana na ukweli ndio mbaya zaidi.

Ndugu wasomaji, tunapozungumzia wizi wa maandishi watu wengi hufikiri anayeibiwa ni mwandishi peke yake. Ni kweli kwamba kula jasho la mwenzio ni unyonyaji, na wa kalamu ni sawa na wa jembe. Lakini mimi kwa yale maneno yangu sikupungukiwa na kitu. Aliyeumia ni msomaji. Mtu akitaja alikotoa, anayesoma akiona shaka anaweza kurudi kwa mwenyewe kuuliza. Asipotaja, njia ya kurudi imefungwa, na kosa la karani mmoja linazaa watoto na wajukuu wasiojulikana baba yao.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ya marejeo ni ya Wazungu. Si kweli hata kidogo. Mtoto wa chuo cha Kurani hujua kwamba hadithi za Mtume husimuliwa kwa sanadi, fulani kapokea kwa fulani, na Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870 alisafiri nchi nyingi akipima wapokezi hao. Watunzi wa tenzi za mwambao walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho. Hata katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, malenga akimjibu mwenzake humtaja. Na kila tunaposema "wahenga walisema" tunakiri kwamba maneno si yetu.

Nao Wazungu wenyewe hawajapona ugonjwa huu. Annette Schavan, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Ujerumani, alinyang'anywa shahada yake ya udaktari na Chuo Kikuu cha Düsseldorf mwezi Februari 2013 kwa sababu ya tasnifu aliyoiandika mwaka 1980, akajiuzulu siku chache baadaye. Mwenyewe alikana kwamba alikusudia kudanganya. Tasnifu hiyo ilihusu dhamiri ya binadamu!

Lakini nisiwatwishe vijana mzigo wote. Sisi tuliwafundisha nini? Tangu darasa la kwanza mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili, na anayenakili bila kukosa hata nukta hupata vema. Mimi nilipita hivyo hivyo hadi chuo cha kilimo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakuzungumzia jembe tu kama wengi wanavyokumbuka. Alitaka pia kijana mwenye akili ya kuuliza. Kisha kijana huyu anafika chuoni, anaambiwa siku moja kwamba kunakili ni kosa la kufukuzwa, na hakuna anayemwonyesha kwa mfano namna ya kuepuka.

Basi nieleze nilivyomwonyesha mjukuu wangu. Nilimwambia asome ukurasa, afunge kitabu, aende akachote maji, akirudi aandike alichoelewa bila kufungua. Alichoshindwa kuandika hakukielewa, arudi akasome tena. Akimaliza ndipo afungue, alinganishe, na papo hapo aandike jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, asingoje usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Kubadilisha "wakulima" kuwa "wananchi wanaolima" na kuacha sentensi nzima kama ilivyokuwa bado ni kunakili. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, hata ukiigeuza nje ndani. Akitaka maneno yenyewe ya mwandishi kwa kuwa ni matamu, ayafungie kwa fungua semi na funga semi, ataje yalikotoka. Hakuna aibu hapo. Hata akiyasema kwa maneno yake, wazo likiwa la mtu mwingine bado ataje, na vivyo hivyo kwa tarakimu, ramani na picha. Jambo lijulikanalo na kila mtu, kwamba Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 au Kilimanjaro una mita 5,895, halihitaji shahidi.

Aliniuliza swali zuri: ikiwa mwandishi amekwisha kufa zamani na hakimiliki yake imekwisha, je, anaruhusiwa kunakili? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo mawili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mali ya mwandishi, na inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki ilimradi atajwe. Lakini kusema kazi ya marehemu ni yako ni uongo hata kama hakuna wa kukushitaki.

Vyuo navyo vimeweka programu za kompyuta za kupima kunakili. Ni jambo jema, ila wasizitegemee kupita kiasi. Programu hulinganisha kazi ya mwanafunzi na yale yaliyomo katika hazina yake. Taarifa yangu ya taipureta haimo, kwa hiyo mjukuu wangu angepita salama salimini. Tena asilimia inayotoka si hukumu, kwani mwanafunzi aliyenukuu kwa uaminifu naye huweza kuhesabiwa. Mwalimu anayemwita mwanafunzi na kumwuliza, "Hebu nieleze hii 16 uliipataje," atajua mengi kwa dakika tano.

Siku hizi imeingia akili mnemba, ambapo kijana anaiagiza mashine imwandikie kazi yote. Hapo hata steshenari haendi. Mashine hizo huweza kutaja vitabu ambavyo havijapata kuandikwa, pamoja na kurasa zake. Mwanafunzi anayevipachika vitabu hivyo katika marejeo yake amepita kunakili. Anamtuma msomaji kwenye nyumba isiyokuwepo. Chuo kikiruhusu mashine itumike, basi aseme ameitumia wapi, na kila kitabu akifungue mwenyewe.

Mjukuu wangu aliandika upya taarifa yake yote. Ilimchukua wiki mbili, na alitembea kwa wakulima 11 na daftari mkononi. Gunia alizopata hazikufika 16. Chini ya jedwali aliweka jina langu, mwaka 1987, na maneno kwamba tarakimu ya awali imesahihishwa na mwandishi mwenyewe. Nami usiku ule niliwasha taa nikaandika ile barua ya kwenda wilayani niliyokuwa nikidaiwa kwa miaka 32.

Bwana Shamba Mstaafu,
Morogoro.