Chura si panya

Makala iliyochapishwa hapa inadai kuwa homoni za tezi ya thairoidi huongeza usafirishaji wa chumvi katika kila tishu ya kila mnyama. Dai hilo si sahihi, na chura ndiye shahidi.

Ushahidi wote wa mwandishi umetoka kwa panya. Huko sina ubishi: mwaka 1970 Ismail-Beigi na Edelman walionyesha kuwa homoni hizi huipa pampu ya sodiamu kazi zaidi. Lakini chukua kibofu cha chura, kitandaze kati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi kama alivyofanya Mdenmaki Hans Ussing kwa ngozi ya chura, kisha pima mkondo wa umeme. Ukitia aldosteroni, homoni nyingine inayodhibiti chumvi, mkondo unapanda kwa saa kadhaa, kwa kuwa sodiamu inavuka kwa wingi. Ukitanguliza homoni ya thairoidi T3, sehemu kubwa ya ongezeko hilo inazimwa. Homoni ileile, kazi kinyume!

Ngozi ya kiluwiluwi nayo haina mkondo wa maana wa sodiamu. Unatokea anapogeuka chura, mageuzi yanayoendeshwa na homoni hizohizo. Hapo hazichochei mtambo uliopo; zinasimamia ujenzi wa ngozi mpya. Kuyaita yote hayo "ongezeko" ni kumnyima msomaji jambo lenyewe.

Namwomba mhariri achapishe masahihisho, maana walimu wetu wa baiolojia wanaisoma makala hii na kuifundisha.