Mchuzi wa Dengu na Kura za Maoni



Kila baada ya miaka mitano hufika juma ambalo nchi yetu ya Tanzania huzungumza majina ya watu tu. Ni juma la kura za maoni ndani ya vyama. Jumatatu magazeti hutangaza waliochukua fomu. Jumatano redio hueleza nani ana nguvu katika jimbo lipi. Ijumaa husemwa kwamba fulani "amejipanga vizuri". Kura zikishapigwa, Jumapili mshindi huketi benchi la mbele kanisani. Katika siku hizo zote ni nadra kusikia swali juu ya maji, zahanati au bei ya pamba. Na hilo neno "kujipanga" kila mtu analielewa: maana yake ni fedha.

Wako wanaotuambia kwamba kura za maoni ni mambo ya ndani ya chama, na kwamba Kanisa lisubiri uchaguzi wenyewe. Hatukubaliani nao. Katiba yetu inamtaka kila mgombea ubunge apendekezwe na chama cha siasa. Katika majimbo mengi, aliyeteuliwa na chama chenye nguvu amekwisha kuwa mbunge kabla mwananchi wa kawaida hajashika karatasi ya kura. Anayenunua kura za maoni, basi, hanunui chama. Ananunua jimbo zima, pamoja na wale wasio na kadi ya chama chochote.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, mkutano wa TANU wa wilaya ulipiga kura za maoni, na wananchi wakaletewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wagombea walisimama pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wala hapakuwa na ruhusa ya mmoja kuzunguka peke yake na kampeni yake. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, kwa maana haukuruhusu chama kingine. Hata hivyo baadhi ya mawaziri waliangushwa, na nchi maskini ilionyesha kwamba inaweza kuchagua bila mnada.

Mwaka 2000 Bunge lilibadili sheria ya uchaguzi na kuhalalisha takrima, kwa hoja kwamba ni ukarimu wa kawaida wa Mwafrika. Tuwaulize wazee wetu: ukarimu gani huo? Desturi zetu zinamjua mwenyeji anayemkirimu mgeni wake. Huyu wa takrima ni mgeni anayemkirimu mwenyeji ndani ya nyumba ya mwenyeji, tena usiku, kisha akamdai malipo. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa pia hatua ya uteuzi ndani ya vyama. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba sheria haipo. Kinachokosekana ni dhamiri.

Hapa lazima tuseme ukweli unaouma. Tumezoea kumlaumu mtoaji peke yake. Lakini wangapi kati yetu husema, "Nitakula fedha yake, na kura nitampa mwingine"? Msemo huu hutolewa kana kwamba ni werevu wa maskini. Ni upofu. Ukipokea kwa huyu na kwa yule, umekwisha kupanga bei ya kugombea. Mwalimu mwadilifu wa shule ya kijijini, au mama anayeongoza kikundi cha akiba, akiisikia bei hiyo hatachukua fomu kamwe. Jina lake halitafika mbele yako ili uwe huru kulichagua. Kura yako umempa mwingine, ndiyo, lakini huyo mwingine naye ni tajiri wa aina ile ile.

Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa mchuzi wa dengu kwa sababu alikuwa na njaa siku ile. Njaa yake ilikuwa ya kweli, na njaa ya watu wetu ni ya kweli. Lakini mchuzi uliisha jioni ile ile, na haki haikurudi. Kitenge huchakaa kwa mwaka mmoja. Ubunge ni miaka mitano.

Na sisi wa Kanisa je? Ni nani humwalika mwomba ubunge awe mgeni rasmi wa harambee ya bati katika majira hayo hayo? Ni nani humpa nafasi ya "kusalimia" baada ya matangazo? Bahasha ile ingepokewa gizani na mjumbe, tungeiita rushwa. Ikipokewa mchana mbele ya altare, tunaiita sadaka na kuipigia makofi. Paa la namna hiyo halituzuilii mvua ya aibu.

Kwa hiyo tunaziomba Halmashauri za Walei na Jumuiya Ndogo Ndogo zikubaliane mambo matatu. Kwanza, tangu fomu zianze kutolewa hadi uchaguzi mkuu uishe, mgombea yeyote asiwe mgeni rasmi wala asizungumze kanisani; akisali, asali kama waamini wengine. Pili, kiongozi wa jumuiya ambaye pia ni mpiga kura wa maoni katika chama chake aahidi mbele ya jumuiya kwamba hatapokea kitu. Tatu, kila anayeomba kura aulizwe hadharani alitendea nini watu wa mahali hapa kabla ya kutaka ubunge, na fedha anazotumia amezipata wapi.

Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya taifa na kuuliza ni nani amepata kumdhulumu, na ni mkononi mwa nani amepokea rushwa. Hakuna aliyejitokeza. Tunawataka viongozi wanaoweza kuuliza swali hilo bila woga. Hatutawapata mpaka nasi tuweze kuulizwa swali hilo hilo, tukalijibu.