Fomu ya Uhandisi Huanza Kujazwa Kidato cha Nne

Kwa wazazi, walimu na vijana wa Vihingo, Kisarawe.

Kila Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, simu ya mtoto mmoja wa Kizaramo anayeishi Dortmund, Ujerumani, huwa hailali. Anapigiwa na binamu, shemeji, hata jirani ambaye mara ya mwisho waliagana chini ya mkorosho wa babu. Ombi ni lilelile: kijana amefaulu, anataka uhandisi, atafutiwe chuo huko Ulaya. Mwaka jana alipiga mama mmoja, furaha imemjaa mpaka maneno yanakanyagana. Mwanawe amepata B ya Fizikia, B ya Kemia na C ya Baiolojia. Anataka kujenga madaraja.

Upande wa Dortmund pakawa kimya. Kijana alikuwa amesoma PCB.

Mwenye simu ile ndiye mwandishi wa barua hii, na mazungumzo yale bado yamemkaa moyoni. Kwa matokeo hayo kijana alikuwa na milango mingi, ila mlango wa uhandisi ujenzi ulikuwa umefungwa. Kozi hiyo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inataka Fizikia na Hisabati ya juu. BAM, ile hisabati ndogo wanayosoma watoto wa PCB, haichukui nafasi yake. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka pointi 4 kutoka masomo mawili, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kijana alikuwa na pointi 8 kwa Fizikia na Kemia peke yake. Pointi alikuwa nazo, somo hakuwa nalo.

Hakuna aliyemdanganya mama yule. Tatizo ni kwamba miaka kadhaa nyuma, siku kijana anajaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, shuleni, nyumbani hakuna aliyejua kwamba herufi tatu za tahasusi ndizo ombi lenyewe la chuo. Tangu mwaka 2024 herufi hizo zimezidi kuwachanganya wazazi, maana tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65. Anayeutaka uhandisi na aanze kwa kuulizia PCM: Fizikia, Kemia, Hisabati. Na hisabati haisubiri Kidato cha Tano. Mtoto aliyeikatia tamaa Kidato cha Pili kwa sababu mwalimu wa somo hakuwapo mwaka mzima, amekwishapunguziwa njia kabla hajaambiwa kuna njia.

Nchi yenyewe iliwahi kuukosa mlango huo. Chuo kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kilifundisha sheria. Zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, Mtanganyika aliyetaka uhandisi alielekea Nairobi, na mwanzoni aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwandishi hulikumbuka hilo kila anapoombwa kutafuta chuo Ujerumani: miaka zaidi ya hamsini iliyopita Wajerumani walisaidia kukisogeza chuo mpaka jirani na Kisarawe, na sisi tunakitafuta kwao.

Atokaye Kisarawe kwenda Kariakoo hushuka Pugu, akapita Gongo la Mboto na Uwanja wa Ndege, kisha gari likapanda juu ya makutano ya Tazara. Barabara ile ya juu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa mwaka 2018, imepewa jina la mhandisi: Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS hadi alipofariki mwaka 2021. Mfugale alitoka Ifunda, Iringa, akaenda kusomea uhandisi India. Vijana wangapi wa Vihingo wamepita juu ya jina lile bila kuambiwa kwamba mwenyewe alianzia kijijini?

Kazi zinazowangoja zipo, tena jirani kabisa. Maji ya Kisarawe mjini ni somo tosha. Mji uko juu ya vilima, Dar es Salaam iko chini, na kwa miaka mingi watu wa juu walibaki na ndoo. Maji husafishwa Ruvu Juu, pale Mlandizi wilayani Kibaha, yakaja Kibamba, na tangu mwaka 2020 yanasukumwa kwa pampu kupanda hadi Kisarawe. Mtu fulani alikaa na kalamu akapiga hesabu ya kimo cha mlima, upana wa bomba na nguvu ya pampu. Na treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 inapita Pugu, Soga na Ruvu kwenda Morogoro, inataka watu wa njia, wa umeme na wa mawasiliano kila siku ya Mungu.

Kwa aliyekwisha kukosa PCM, au mwenye ufaulu wa Kidato cha Nne tu, kuna njia ya stashahada, na mwandishi anaitetea kwa moyo wote kwa sababu ndiyo iliyomvusha. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Inapokea vijana wa Kidato cha Nne waliofaulu masomo ya sayansi na hisabati, na masomo ya stashahada huchukua miaka mitatu. Kijana akipata wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada. Jamaa wanaoiona njia hii kama ya walioshindwa wanakosea sana. Kijana wa stashahada anaingia shahada akiwa tayari ameshika spana na kuchomelea chuma.

Ulaya ipo, lakini bei yake isemwe. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ila anayeomba viza ya masomo huonyesha yuro 11,904 za mwaka katika akaunti maalumu, naye hutoa 992 kwa mwezi. Kozi nyingi za shahada ya kwanza ni kwa Kijerumani. Familia moja anayoifahamu mwandishi iliuza sehemu ya shamba la mikorosho ikamlipa wakala, na wakala hakuzungumzia akaunti wala lugha.

Kuna jambo dogo la mwisho, nalo huumiza wengi. Kwa anayeomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili. Kama cheti kinasema Mwanahawa na matokeo yanasema Hawa, marekebisho yaanze sasa, si Agosti. Na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja kabla siku hazijaisha. Ujumbe wenye namba ya siri huja kwa simu aliyojisajilia, basi isiwe laini ya kuazima.

Mama yule alipiga tena mwezi uliopita. Mdogo wa yule kijana yuko Kidato cha Nne na Selform bado haijarudishwa shuleni. Safari hii walizungumza karibu saa nzima, na mtoto mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo na daftari lake la hisabati.

Wasalaam,
Mtoto wenu, Dortmund