Rimoti ya slaidi ichaguliwe kwa kompyuta ya mwenyeji

Katika semina na warsha nyingi za huku kwetu, mtoa mada hatumii kompyuta yake. Faili lake hunakiliwa kutoka kwenye flashi, likawekwa kwenye kompyuta mpakato ya waandaaji ambayo tayari imeunganishwa na projekta, kisha akaitwa mbele. Kuanzia hapo ana njia mbili: agande kando ya meza abonyeze mwenyewe, au amwombe kijana wa mitambo "naomba slaidi inayofuata" mpaka mada iishe, huku kijana akitangulia mara moja na kuchelewa mara tatu. Rimoti ndogo isiyo na waya inaondoa adha hiyo, na ni jambo jema kwamba wahadhiri, maofisa mipango na wahubiri wameanza kuinunua kwa fedha zao. Kinachonisikitisha ni vigezo vinavyotumika dukani. Watu huulizia rangi ya leza na idadi ya vitufe, ilhali swali la kwanza lingekuwa hili: je, itafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ambayo sijawahi kuigusa na sina ruhusa ya kuiwekea programu yoyote?

Jibu linategemea namna kifaa kinavyozungumza na kompyuta. Rimoti za kawaida huja na kipokezi kidogo cha USB, nacho kikichomekwa, kompyuta hukiona kama kibodi. Ukibonyeza kitufe cha kwenda mbele, amri inayofika mara nyingi ni ileile ya kitufe cha Page Down. Cha kurudi nyuma hutuma Page Up. Kwa kuwa kila kompyuta inaijua kibodi, rimoti ya namna hii hukubali kwenye Windows, Mac na Linux bila kuomba nywila ya msimamizi, na husogeza hata kurasa za PDF iliyofunguliwa kwa skrini nzima. Mawasiliano yake hupita kwenye mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, hivyo hulazimiki kuielekeza kwenye kompyuta kama rimoti ya televisheni. Rimoti inayotumia Bluetooth peke yake ina kazi ya ziada: lazima uingie kwenye mipangilio ya mashine ya mwenyeji uviunganishe vifaa hivyo viwili, mbele ya ukumbi unaosubiri. Na zile za bei ya juu, mfano Spotlight ya Logitech iliyoingia sokoni mwaka 2017, sifa yake inayovutia zaidi, ya kumulika na kukuza sehemu ya slaidi, inahitaji programu ya kampuni iwe imewekwa kwenye kompyuta. Kwenye mashine ya mwenyeji, sehemu kubwa ya bei uliyolipa inalala.

Wapo watakaosema leza ndiyo roho ya kifaa. Ni kweli kwamba leza ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, huonekana kali kuliko nyekundu ya nanomita 650 au karibu na hapo hata nguvu zikiwa sawa, kwa sababu mchana jicho la binadamu huona vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 555. Lakini hoja hiyo ni ya ukuta mweupe na projekta. Kumbi nyingi sasa zinaweka televisheni kubwa na skrini za LED, na huko kile kidoti hufifia au hakionekani kabisa. Anayefuatilia kwa Zoom akiwa mkoani hakioni hata kidogo, maana anachopokea ni picha ya slaidi kutoka kwenye kompyuta, ukuta wa ukumbi haumfikii. Ukiitaka leza, tafuta iliyoandikwa daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, na usiielekeze kwa watu. Mimi ningelipia kwanza kitufe cha kuzima picha. Skrini ikiwa nyeusi, macho ya watu yanamrudia msemaji, na hicho ndicho alichokuja kukitafuta. Ningetazama pia kama rimoti ina tundu la kuhifadhia kipokezi, kwa kuwa kikipotea kifaa kizima mara nyingi hakina kazi tena. Kompyuta zenye milango ya USB-C pekee zinaongezeka, kwa hiyo adapta ndogo ikae kwenye mkoba.

Wengine huuliza kwa nini wanunue kitu wakati simu wanayo. Simu inaweza, ila programu zake nyingi hudai kuunganishwa na kompyuta kwanza, ama kwa mtandao mmoja wa Wi-Fi au kwa Bluetooth, na hapo tumerudi kwenye kero ya mashine ya mwenyeji. Juu ya hayo, simu hupigwa, na kitufe cha kiooni hakipapasiki kidoleni bila kukitazama.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, nalo linastahili heshima. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilionyesha udhaifu iliouita MouseJack: baadhi ya panya na kibodi zisizo na waya ziliweza kuingiliwa kutoka mbali na kompyuta ikapokea maandishi ya mvamizi. Rimoti inayojitambulisha kama kibodi iko kwenye hatari ya aina hiyo, na wepesi ninaousifu ndio unaofungua mlango. Kwa hiyo kipokezi kichomolewe mara mada inapokwisha, kisiachwe kwenye kompyuta ya ofisi mwaka mzima. Taasisi zilizofunga milango ya USB zina sababu zake, nami sizilaumu. Ninachoomba ni zitamke hivyo kwenye barua ya mwaliko na ziweke rimoti yao, iliyokwisha kukaguliwa na fundi wao, juu ya meza ya msemaji kabla ya mgeni wa kwanza kuketi.