Kotimiri, Dania au Giligilani? Funzo la Kibakuli cha Utange

Jioni inapoingia Utange, katika eneo la Kisauni, Mombasa, na mishkaki kuanza kudondosha mafuta juu ya makaa, kibakuli cha chatini ya kijani hakikosekani kando ya nyama. Ndani yake mna majani mabichi ya kotimiri, pilipili mbichi, kitunguu saumu, chumvi, na ndimu au ukwaju. Chatini hiyo husagwa wala haipikwi, kwa kuwa moto huiondolea kotimiri harufu yake. Mlaji huchovya, akala, akaenda zake. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kukawia kidogo.

Jani hilo moja lina majina matatu. Mpishi huliita kotimiri, muuza mboga huenda akalitaja dania, na kamusi humpa mwanafunzi giligilani. Mawili ya kwanza yalitoka katika lugha za Bara Hindi. La tatu lina asili ya Kiarabu. Lipi basi ndilo Kiswahili? Yote matatu. Kweli, usanifu una kazi yake: vitabu na mitihani huhitaji istilahi zinazoeleweka kote. Hata hivyo, kuteua neno moja si kuyaharamisha mengine. Mwalimu anayelikata "kotimiri" kwa wino mwekundu humfundisha mtoto kwamba jiko la mamake halijui lugha.

Isitoshe, Utange yenyewe ni ushahidi. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, maelfu ya Wasomali walipewa hifadhi katika kambi ya hapo, iliyofungwa katikati ya muongo huo. Wasomali nao wana chatini yao ya pilipili mbichi na kotimiri, waiitayo basbaas. Kiswahili kina neno basbasi, lakini maana yake ni ganda la kungumanga. Maneno yanashabihiana, viungo havifanani. Tofauti kama hiyo haiwezi kuonekana na mtafiti asiyetoka maktabani.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiswahili kimepona daima kwa wageni wake. Kwa hiyo, wanafunzi wa lugha hii na waende penye majiko na masoko, wakayanukuu maneno hayo pamoja na matumizi yake, kabla ya wasemaji wake kuyaonea haya.